Tumbo kwa Tumbo, Kikonyo Nje

Siku ya tisa tangu ashuke kwenye ndege, Mama alimaliza kuhesabu matofali ya jengo la mbele, akageuka dirishani na kumwambia binti yake, "Nibadilishie tiketi ya Jumapili. Alhamisi naondoka."

Binti alikuwa anapiga pasi joho lake la mahafali. Pasi ikabaki hewani.

"Alhamisi ipi?"

"Kwani wiki ina Alhamisi ngapi? Hii inayokuja."

"Mama! Mahafali ni Jumamosi!"

"Si mtapiga picha? Nitaziona kwenye simu ya shangazi yako."

Jamani! Huyu binti kwao wanamwita Kipaza, kifupi cha kipaza sauti, kwa sababu tangu anaota meno hajawahi kuweka neno moyoni likalala. Lakini siku hiyo alitafuta la kusema akalikosa. Alisimama tu na pasi yake, mvuke unamfuka usoni utafikiri ni yeye anayechemka.

Maana huyu Mama ndiye aliyemsomesha. Na alimsomesha kwa nyanya. Nyanya hizi hizi za mchuzi, si za shamba kubwa wala nini. Miaka thelathini kwenye meza moja ya mbao, kona ya soko, jua lake, mvua yake. Kila daftari la Kipaza lilitoka pale mezani, kila sare, kila nauli. Alipopata nafasi ya kusoma nchi za watu, soko zima lilimsindikiza, mwenye vitunguu analia kuliko mwenye mtoto. Na Kipaza naye, mwaka mzima wa mwisho, alikuwa akitoka darasani anakwenda kupanga vitabu maktaba mpaka giza linaingia, ili apate tiketi ya Mama. Alikuwa na ndoto moja tu: jina lake likiitwa pale ukumbini, Mama awe amekaa kwenye kiti anamwangalia. Hakutaka Mama amwone kwenye simu ya shangazi. Alimtaka kwenye kiti!

"Mama, nimekukosea nini?" akauliza mwishowe.

"Hujanikosea, mwanangu. Ila umeniweka kama kikombe cha wageni, kazi yangu kutazamwa kabatini. Unatoka asubuhi, nabaki mimi na friji. Friji likiguruma, namjibu. Jana nimemuuliza habari za watoto."

"Si ushuke chini utembee?"

"Nimeshuka. Watu wanakusalimia kwa kutikisa kichwa, kama mijusi. Na mimi nikawatikisia. Tukatikisana, basi, nikapanda lifti kurudi kwa friji."

Kipaza akataka kucheka, akakumbuka kulia. Alikuwa amempeleka Mama makumbusho. Alimpeleka bustani ya maua, na duka kubwa lenye ngazi zinazotembea zenyewe, ambako Mama aliganda chini akasema hapandi kitu kisichosubiri mtu. Mahali pamoja tu hakumpeleka. Alijiambia, mtu aliyesota sokoni miaka thelathini, likizo yake umrudishe sokoni? Si matusi hayo?

Sasa akashika tama. "Haya, tukubaliane. Kesho nakupeleka soko lao la zamani. Ukirudi bado unataka kuondoka, nabadilisha tiketi mwenyewe, sisemi neno."

"Wewe? Usiseme neno?"

"Hata moja."

"Twende," Mama akasema. "Hilo la wewe kunyamaza nalitaka nilione."

*

Weee! Ungemwona Mama Jumanne asubuhi! Soko lenyewe lilikuwa chini ya paa la mabati lililoshikwa na nguzo kuukuu, sakafu ya saruji imelowa, watu wanapita na makreti mabegani wakipiga kelele wapishwe. Kulikuwa na harufu ya vitunguu na magunia mabichi. Mwanamke mmoja anarashia mchicha maji kwa mkono, tone kwa tone. Mwingine anapima maharage, anaongeza punje tatu, anapunguza mbili. Hakuna aliyetikisa kichwa kama mjusi. Walikuwa wanabishana, wanavutana mikoba, wanaitana toka meza hii hadi ile.

Mama alivuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Halafu akaanza kutembea ule mwendo wake wa nyumbani, kiwiko mbele, khanga kiunoni, na Kipaza nyuma anakimbia!

"Vitunguu vyao wanavichuma vichanga," akatoa hukumu. "Lakini karoti, ah, karoti wamejaliwa. Mwulize huyu anahifadhi wapi."

Kipaza hakuwahi kuuliza, maana Mama na mwenye karoti walishaanza mazungumzo yao ya nyusi. Mama akainua moja, mwenye karoti akainua mbili. Mama akaonyesha juu, jua. Mwenye karoti akaonyesha chini, mchanga. Wakaelewana hao! Kipaza akasikia moyo wake unajaa kama puto. Akaona kabisa Jumamosi inarudi mikononi mwake. Akatoa simu apige picha pilipili zilizopangwa rangi rangi, dakika moja tu.

Dakika hiyo ndiyo iliyoleta balaa.

Kwenye kona palikuwa na meza ya nyanya. Mwenyewe alikuwa mwanamke mnene wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, na hapo ameinama nyuma anafungua kreti. Nyanya zake nzuri, nyekundu, zimeiva hasa, zikiwa na vikonyo vyake vya kijani. Lakini alivyozimwaga mezani! Kama kokoto za fundi. Huyu juu ya yule, kikonyo cha huyu tumboni mwa mwenzake.

Sasa wewe mwambie mtu aliyeuza nyanya miaka thelathini apite hapo asiguse. Ni sawa na kumwambia mama mzazi apite kando ya mtoto anayetokwa na kamasi. Mkono wake haukumwomba ruhusa. Kipaza alipogeuka, Mama alishakunja mikono ya gauni, ameshapanga nusu ya meza. Fungu limesimama kama mnara, analipapasa huku ananong'ona, "Tulieni, wanangu, tulieni."

Mwenye meza akainuka.

"We! We! Toa mikono yako!"

Mama hakuelewa neno hata moja, akamtolea tabasamu na kumwonyesha fungu, kama mtu anayesema karibu, usinishukuru. Mwenye meza akampiga mkono. Nyanya moja ikadondoka, ikapasuka pwaa sakafuni. Filimbi ikalia! Mlinzi wa soko, kijibaba kifupi chenye kofia kubwa, akaja mbio. Watu wakajaa. Mwenye pilipili akapanda juu ya kreti aone vizuri.

Na Kipaza, msomi wetu, kwa aibu iliyompanda mpaka masikioni, akaropoka kwa lugha ya wenyeji: "Tusameheni, tafadhali! Ni mama yangu, ni mgeni, ni mtu mzima tu, hajui chochote kuhusu soko."

"Basi mwondoe," mwenye miwani akasema, akawageuzia mgongo.

Mama akainama, akaiokota ile nyanya iliyopasuka, akaifunga kwenye leso yake kama kitu cha kuzikwa. Njiani akauliza, "Umewaambia nini?"

"Nimewaambia samahani."

"Maneno yote yale ni samahani?"

"Lugha yao ndefu, Mama."

Wakafika nyumbani, Mama mbele. Alikaa kitandani, leso mapajani.

"Miaka thelathini," akasema. "Nimefukuza vibaka sokoni, nimefukuza mbuzi, nimemfukuza mpaka mjomba wako alipokuja amelewa. Mimi mwenyewe sijawahi kufukuzwa sokoni. Mcheza kwao hutunzwa, mwanangu. Hapa si kwetu. Fanya tiketi."

Ahadi ni ahadi. Kipaza akafungua simu, akajaza kila kitu, Alhamisi, kiti cha dirishani. Ikabaki kubonyeza pale pa mwisho tu.

"Ngoja kwanza," Mama akasema. "Kesho asubuhi nirudishe pale nimwombe radhi kwa mdomo wangu, wewe ufasiri. Mwuza nyanya hamharibii mwuza nyanya mwenzake akaondoka kimya kimya. Tukitoka hapo, bonyeza."

Mwuza nyanya mwenzake! Kipaza akasikia kitu kinamchoma kifuani. Kwa sababu yule mwanamke hakujua kwamba ni mwenzake. Kipaza ndiye aliyemficha.

*

Jumatano wakafika soko bado linafunguka. Usiku kulikuwa na joto la kukaanga, na mwenye miwani alikuwa ameondoa turubai mezani anatukana peke yake. Alikuwa anaokota nyanya moja moja na kuzitupa ndooni. Pwa. Pwa. Pwa. Zimetobolewa na vikonyo, zimetoa maji, zimelowesha jirani zake, kilio mtindo mmoja.

Isipokuwa upande mmoja wa meza. Pale palisimama fungu. Kavu, linang'aa, kama limetoka kuoga.

Mwenye miwani akainua macho, akawaona.

"Nyie! Simameni hapo hapo!"

Kipaza akamshika Mama mkono tayari kwa mbio. Mlinzi naye akasikia kelele, akaja na filimbi yake mdomoni. Mama akakataa kuvutwa. Akapiga hatua mbele, akaweka mkono kifuani, akaanza kuomba radhi kwa Kiswahili, kwa upole, neno kwa neno, kama anaongea na wifi yake.

Mwenye miwani hakumsikiliza. Alikuwa ananyoosha kidole kwenye fungu. Akamgeukia Kipaza. "Nani kamfundisha huyu?"

Hapo sasa. Kipaza aliweza kusema lolote. Lakini ile sauti iliyompa jina utotoni ikamrudia, ikatoka yote, mpaka njiwa wakaruka juu ya mabati.

"Jana nilikudanganya! Nilisema hajui chochote kuhusu soko. Nilikuwa naona aibu, na aibu yenyewe ni yangu, si yake. Huyu ni mama yangu na ni mwuza nyanya. Miaka thelathini anauza nyanya! Mimi unayeniona hapa ni nyanya zake. Viatu hivi ni nyanya. Chuo nilichosoma ni nyanya. Hakuja kukuibia. Ameona nyanya zako zinaumia, akashindwa kupita!"

Kipaza akamgeukia Mama, na bila kupumua akamrudia yote kwa Kiswahili, ya jana na ya leo, hakuacha hata kipande.

"Ulisema sijui soko?" Mama akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Mimi?"

"Ndiyo."

"Ungekuwa mdogo ningekufinya."

Halafu akamfinya vilevile, pale pa juu ya kiwiko, finyo la zamani lenye machozi yake. Lakini Kipaza aliona jicho la Mama linacheka, na finyo lile likamwingia tamu kuliko asali!

Mwenye miwani alikuwa ameshavaa miwani yake. Akamtazama Mama kuanzia vidole mpaka mikunjo ya khanga. Akatazama mikono, hasa mikono, yenye lile doa la kijani kwenye kidole gumba ambalo halitoki kwa sabuni. Akainua cha kwake. Doa lile lile. Kisha akafungua aproni kiunoni, akamkabidhi.

"Mwambie anionyeshe," akasema.

Mama akaifunga. Ilimzunguka mara mbili. Akaomba maji, akafuta meza, akaanza.

"Mwambie kikonyo ni msumari," akamwambia Kipaza bila kuinua kichwa. "Mwulize, yeye akilala na msumari ataamka mzima?"

Kipaza akafasiri. Mwenye miwani akacheka mpaka miwani ikamtoka. "Mwambie nililala na mmoja miaka kumi na miwili, nikamfukuza!"

Basi urafiki ukashika hapo, kama moto wa makuti. Mama hakuwa na jina la kumwita, akamwita Shoga. Naye, kwa kusikia Kipaza anaita Mama, akaita Mama.

"Tumbo kwa tumbo," Mama akafundisha. "Kikonyo nje. Hazichomani, na mnunuzi akija anaona kijani, anajua ni za leo. Kubwa chini, zibebe wadogo zao. Yenye kovu usiifiche chini, iweke pembeni, uiseme mwenyewe kabla hajaiona. Ukimficha leo, kesho hakuoni."

Kila alilosema Kipaza akalirusha upande wa pili kwa sauti, kwa raha, na mwenye pilipili akaacha meza yake akasogea. Mwenye karoti naye huyo. Mafungu yakapanda mezani moja baada ya jingine, kama askari wamesimama foleni.

Halafu Mama akafungua mdomo.

"Nyanyaaa! Njooni muone nyanya zisizolia! Nyanya zimeoga, zimechana nywele, zinawasubiri nyinyi!"

Kwa Kiswahili! Katikati ya nchi ya watu! Na watu wakasimama. Sauti ile haihitaji mkalimani, ni sauti ya mtu anayeamini anachouza. Bibi mmoja mwenye glavu nyeupe akaja, akaanza kuzibonyeza nyanya kwa dole gumba, moja, mbili, tatu. Mama akamshika mkono kwa upole.

"Bibi wee, hii siyo kengele ya mlango!"

Kipaza akafasiri huku anabana mbavu. Watu wakaangua kicheko. Bibi akawa mwekundu kama bidhaa yenyewe, akacheka na yeye, akaondoka na mafungu matatu. Mzee mmoja alitaka kujua kama ni tamu. Mama akakata moja pale pale, akampa kipande, akakunja mikono akamsubiri. Mzee akatafuna. Akafumba macho. "Kizuri chajiuza," Mama akamwambia Shoga, na Shoga akaomba afundishwe maneno hayo, akayarudia siku nzima, ulimi umepinda lakini kayasema.

Jua halijafika katikati ya paa, meza ilikuwa tupu. Tupu! Imebaki ile yenye kovu, ambayo mlinzi aliinunua mwenyewe. Kofia kwapani, filimbi shingoni, alikuwa meza ya jirani anamsaidia mwenye bilinganya kupanga, anamfokea, "Kikonyo nje, kikonyo nje! Hukusikia?"

Shoga akaleta kigoda, akamkalisha Mama, akakaa mwenyewe kwenye kreti. Akauliza kitu. Kipaza akasikia, moyo ukampiga paa.

"Anasemaje?" Mama akauliza.

"Anasema... kesho utakuja saa ngapi?"

Kesho. Alhamisi yenyewe hiyo. Kipaza akaminya midomo, maana aliahidi kutosema neno, na jamani, aliitunza ahadi ile kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Mama akajifuta mikono kwenye aproni, taratibu, kidole kwa kidole.

"Mwambie saa kumi na mbili, kabla jua halijazikuta. Na asiguse kitu mpaka nifike."

"Na tiketi?" Kipaza ikamponyoka.

"Tiketi gani? Wewe naye unapenda kusumbua watu wa ndege."

Kipaza alipiga ukelele! Alimkumbatia Mama, akamkumbatia Shoga, akamkumbatia mlinzi ambaye hakujua kosa lake. Akatoa simu akafuta ile safari ya Alhamisi mbele ya macho yao wote, kisha akakaa chini kwenye saruji iliyolowa na suruali yake nzuri, akacheka kama mwehu.

*

Jumamosi, ukumbi ulifurika. Watu wa heshima, nguo za heshima, maua ya heshima. Mstari wa tatu alikaa Mama, kilemba kipya, mgongo wima. Kushoto kwake Shoga, miwani usoni, amepaka wanja. Kulia mlinzi, na kofia yake. Mapajani mwa Mama palikuwa na sinia lililofunikwa kitambaa, na mhudumu aliyetaka kulichukua aliangaliwa jicho moja tu, akaenda zake.

Jina likaitwa. Lile refu la kwenye cheti, lisilotumiwa na mtu. Msomaji alilivunja vipande vitatu, lakini Kipaza alilitambua, akapanda jukwaani miguu haigusi mbao. Watu wakapiga makofi ya adabu, pa, pa, pa.

Hapo ndipo ilipolia filimbi. Ile ile! Mlinzi amesimama juu ya kiti, mashavu yamejaa. Shoga anapiga kelele, "Kizuri chajiuza! Kizuri chajiuza!" Na juu ya yote hayo ikapanda sauti ya Mama, ile ya kona ya soko, iliyoshinda mvua za miaka thelathini:

"Huyooo! Huyo wa mezani kwangu! Mtazameni!"

Mkuu wa chuo akabaki na mkono wake hewani, cheti kinamsubiri mwenyewe. Kwanza wakacheka wa mbele, halafu wa nyuma wakasimama, halafu ukumbi mzima ulikuwa unapiga makofi ya kweli, ya viganja kuuma, na Kipaza pale juu analia na kucheka kwa pamoja, kofia imemwangukia jicho moja.

Nje, kwenye ngazi, wenzake walishika maua wapigwe picha. Yeye alishika sinia la nyanya, vikonyo nje. Mpiga picha akasogea anyooshe nyanya ya juu kidogo. Sauti tatu zikamfokea kwa lugha mbili, akarudisha mkono.

Mama alikuwa pembeni na simu sikioni, ameongea na nyumbani mpaka mlinzi amekaa chini kumsubiri.

"Wifi, unanisikia? Nimefungua tawi... Tawi la meza, la nini tena! ... Ee, mtoto amemaliza, nimemwona kwa macho yangu, kwenye kiti, mstari wa tatu. Mcheza kwao hutunzwa, na ugenini pia tumetunzwa... Sasa sikiliza. Sirudi kesho, nimwambie Shoga nini? Niwekee meza yangu vizuri. Na ukinimwagia nyanya kama kokoto, wifi, nitajua."